Dakika Tano Bila Simu

Siku ya kuniaga walinipa keki, shada la maua ya plastiki na hotuba ndefu. Mudir wetu, mkuu wa kituo, alisimama akasema mie nilikuwa mama wa kituo, watu wakapiga makofi. Hakusema kuwa ndani ya faili langu imo barua ya onyo yenye sahihi yake mwenyewe, na mie kwa adabu zangu sikumkumbusha. Sasa nimekaa kwangu Ibra, hapahapa Omani, nimeinua miguu juu ya mto, hakuna wa kunichungulia mlangoni. Nawaandikia nyie wasichana mliobaki kwenye chumba cha presha, na nawaandikia kwa Kiswahili cha nyumbani. Anaetaka ya Kiarabu akasome ripoti zangu ofisini. Zimeandikwa vizuri sana na hazina kitu.

Kazi nilianzia Samad Ash Shan, kwenye kituo cha vyumba vinne katikati ya mashamba ya mitende. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya, vikanitia malengelenge kabla ya adhuhuri. Kiarabu changu kilikuwa cha Unguja, cha chuo cha Kurani na cha kuombea dua, basi mgonjwa wangu wa kwanza, bibi mmoja wa shamba, alinisikiliza, akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza mie mtu wa wapi. Nikamwambia, "Muomani kama weye, bibi, ila nimechelewa kufika." Alicheka mpaka mkanda wa kipimo ukamfunguka. Niliiandika presha yake hivyohivyo, na ilikuwa ya uongo, maana mtu anaecheka hapimwi.

Alienikamata kwa kosa hilo ni Sista Mariamma, nesi wa Kihindi, mfupi, mkali, saa yake kaibandika kifuani kwa pini. Yeye ndie alienifundisha kazi. Tulikuwa na kile kipimo cha zebaki cha kisanduku cha bati, na masharti yake hayakuwa na mjadala. Mgonjwa akae, mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kimya dakika tano. Tano, si nne. Siku moja foleni ilifika barabarani, nikamkatia mzee mmoja dakika mbili. Sista Mariamma alinichania kadi mbele ya yule mzee, akanambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Umepima haraka yako. Presha ya huyu baba bado hujaipima." Nilimchukia wiki nzima. Baadae nikaja kumpenda kama dada yangu, na alipokwenda kwao kwa likizo ya mwisho aliniachia ile saa.

Zamani zile mtu akikaa dakika tano, kweli anakaa. Mkononi ana tasbihi, au ana kifuniko cha boksi anajipepea. Barua ya kutoka Unguja ilikuwa ikija na msafiri, baada ya mwezi, baada ya miwili, na ndani yake mna mtu kazaliwa na mtu kafa, wote pamoja. Tulilia, tukamaliza, tukapika. Sisemi kuwa hatukuwa na roho juu. Tulikuwa nayo, lakini hakuna aliekuwa akiipandisha mara mia kwa siku.

Nilipohamishiwa Ibra simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuingia kila nyumba, na mie kama nyie nilidhani ni jambo la vijana. Alienifumbua macho ni Bwana Hamdan. Huyu ni mtu wa ukoo uliotoka Tabora, ana kambi ya watalii kule Mintirib kwenye mchanga. Alikuwa akija na simu mbili, moja kwenye paja la kulia na moja la kushoto. Presha yake 178 kwa 102, kila mara, na vidonge anakunywa.

"Bwana Hamdan, ziweke chini hizo."

"Sista, bizinesi yangu yote imo humu! Wageni wakipotea jangwani wananipigia mimi."

Siku moja simu zote mbili zilimzimikia mkononi, chaji imekwisha. Akazitikisa, akalalamika, mwisho akazitia mfukoni, akashusha pumzi, akaegemea kiti. Nikampima kwa mazoea tu. 140 kwa 88. Loo! Nikadhani mashine imeharibika. Nikajipima mwenyewe, nikampima na fundi wa taa aliekuwa akipita ukumbini, mashine nzima kabisa. Nikamkopesha Hamdan waya wa chaji. Simu ikawaka, ikatetemeka mara sita kwa mpigo, nikampima tena: 172. Nilimuonesha namba tatu nilizoziandika kwenye kikaratasi, akazitazama muda, akaniuliza kama nampa cheti cha daktari akamuoneshe mkewe, apunguze kumpigia.

Jumatano iliyofuata nilikwenda soko la wanawake nikanunua kikapu cha ukindu chenye kifuniko, nikakiweka juu ya rafu nyuma ya kiti changu. Sheria ikawa hiyo. Ukiingia chumba cha presha, simu ndani ya kikapu, dakika tano, kisha unapimwa, kisha unachukua chako unakwenda. Wallahi, wanawake niliowaambia wapandishe mikono ya nguo zao hawakuguna, lakini mwambie mtu aweke simu pale, utafikiri umemwambia akupe mtoto wake mchanga. Wengine walinambia, "Sista, nimeinyamazisha." Nikawajibu simu ndiyo iliyonyamaza, weye bado. Walikuwa wakiigeuza kifudifudi juu ya paja na macho yanarudi palepale kila sekunde.

Nilichokiona mie kwa miaka ile ni hiki: mwili wa mtu anaengoja simu umesimama hata akiwa amekaa. Mabega yako juu, pumzi inaishia kooni, na ukimsemesha anakujibu nusu. Na waliokuwa wakiumwa zaidi si vijana. Vijana wana maradhi yao. Walikuwa mabibi zetu, na sababu mnaijua. Ukoo mmoja uko Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Maskati, Nizwa na Ulaya. Maiti wetu anazikwa siku ileile, azaa, yaani matanga, ni siku tatu, na asiekuja kwenye azaa ya mama yako utamkumbuka mpaka yake ifike. Basi kila bibi amekaa na simu anasubiri nani amekufa, asije akapitwa. Ati wanatuambia ni burudani!

Sasa nifike kwa Bi Salama.

Bi Salama alikuwa amenizidi miaka saba, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya barabara. Katika ukoo wao yeye ndie mpokea khabari. Namba yake walikuwa nayo wote, Unguja mpaka Ulaya. Mtu akifa anaambiwa yeye kwanza, kisha yeye anawapigia wazee wa Ibra, wa Sur na wa Nizwa, wale wasiojua magurupu ya simuni. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, ambae aliifanya kwa miguu. Bi Salama alikuwa na magurupu saba, na simu yake ilikuwa haikai hata akiwa msalani.

Presha yake ilikataa kushuka. Daktari akampa kidonge cha pili, kisha cha tatu. Mwezi wa pili wa kidonge cha tatu alianguka chooni nyumbani kwake akavunjika kifundo cha mkono. Nilipomuona na plasta roho ilinisononeka, nikamkopesha mashine ndogo ya nyumbani, nikamwambia ajipime asubuhi wakati simu inachajiwa chumba cha pili. Akaniletea namba: 108, 104, 110. Yarabi! Kumbe kituoni tulikuwa tukipima simu yake, na nyumbani tukimuangusha kwa dawa. Nilimpelekea daktari karatasi ile, akakunja uso, akaisoma mara mbili, akavipunguza vidonge. Huyo daktari alikuwa muungwana, alinishukuru.

Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nilimwambia Bi Salama kikapu hakitoshi, nataka kila siku kuanzia Alasiri mpaka Magharibi aizime kabisa. Nikaichukua kwa mkono wangu nikamuonesha pa kubonyeza.

"Na khabari ikija?" akaniuliza.

"Khabari itangoja, Bi Salama. Haina pa kwenda."

Alinitazama vibaya, lakini alinitii. Wiki tatu alizima, wiki tatu namba zilikuwa nzuri kama za msichana, na mie nikitembea ukumbini kama niliegundua dawa.

Kitu kimoja sikukijua. Kaka yake, Bwana Nassor, aliebaki Unguja, alikuwa mgonjwa taabani. Nyie mnajua kwetu, ugonjwa hautangazwi. Mtu anaficha maradhi ya nduguye kwa kuogopa jicho na maneno, mpaka afe ndio watu wanaambiwa. Bi Salama hakunambia, na mie sikumuuliza. Nilimuuliza chumvi, nilimuuliza usingizi, nilimuuliza choo. Sikumuuliza anamngojea nani.

Bwana Nassor alimpigia mwenyewe kutoka kitandani hospitali, mara tatu, baina ya Alasiri na Magharibi. Simu imezimwa. Kabla ya Isha amekufa.

Nilikwenda azaani siku ya kwanza. Ukumbi wa wanawake umejaa, kahawa inapita, na Bi Salama amekaa mbele na nduguze. Nikazunguka kutoa mkono, huyu na huyu, mpaka nikamfikia. Nikamwambia shikamoo, nikanyoosha mkono. Mkono wake hakuutoa. Akaniuliza kwa ile sauti yake, ukumbi mzima unasikia:

"Khabari imengoja, Zuhura?"

Nilikaa kwenye mkeka palepale karibu na viatu, kwa sababu kuondoka ingekuwa aibu zaidi, nikalia kilio changu. Nyie mmeniona miaka yote nikiwafokea madaktari, basi jueni kuwa siku ile nilikuwa nataka ardhi ipasuke niingie.

Wiki iliyofuata mwanawe Bi Salama, Khalfan, mtu wa serikali kule Nizwa, alileta malalamiko kwa maandishi. Nesi ananyang'anya wagonjwa simu. Nesi amemkosesha mama yangu buriani ya kaka yake. Mudir akaniita. Juu ya meza kulikuwa na karatasi tayari imechapwa, nakiri kuwa kikapu ni kinyume cha taratibu, naomba radhi, nakiondoa.

"Tia sahihi tu, Sista Zuhura, yaishe," akanambia. "Umebakisha miezi tisa ustaafu. Khalas."

"Kwa Bi Salama nitaomba radhi kwa mdomo wangu, na kwa magoti ikibidi. Hii sitii sahihi."

"Kuna tofauti gani?"

"Kubwa. Nilimwambia azime simu bila ya kumuuliza nani anaumwa kwao. Hilo kosa langu, na nitalibeba. Dakika tano za kimya si kosa. Ukizitoa, nyie mtakuwa mnaandika namba za uongo kwenye makadi, na watu wataanguka vyooni kwao."

"Wagonjwa wana haki na simu zao."

"Wana haki na presha zao vilevile."

Akavua miwani akaifuta. Akasema basi hana budi kunipa onyo. Nikamwambia anipe. Akanipa, nikaisoma, nikamsahihishia tarehe aliyokosea, nikarudi chumbani kwangu. Kikapu kilikuwa palepale na palepale kilibaki. Barua ile naijua kwa moyo, na sioni haya nayo hata kidogo.

Lakini barua haikuwa ndiyo iliyoninyima raha. Nilipokutana na Khalfan mlangoni mwa mudir nilimuuliza hali ya mama yake, akanambia kwa ukali, "Mama amevitupa vidonge vyote. Hataki kusikia habari zenu." Mwanamke yule bila ya dawa, na msiba juu, na simu mkononi mchana kutwa kwa sababu sasa hathubutu tena kuizima, nilijua nini kitamfika. Ninaowajua wa namna hiyo, mmoja alipooza upande wa kulia, na mmoja tulimzika. Nilikwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa amelala, mara ya pili niliambiwa ametoka, na kikohozi chake nakisikia nyuma ya pazia. Niliacha boksi la vidonge na karatasi mlangoni. Boksi lilirudishwa kituoni na dereva.

Miezi ile ndipo nilipoongeza lile swali kwenye daftari la chumba, lile la kalamu nyekundu, ambalo baadhi yenu mnalicheka: *Unamngojea nani?* Liulizeni kabla ya chumvi. Mtu akijibu hamngojei mtu, simu iende kikapuni. Akisema mama yake yuko hospitali, mwanawe yuko safarini, au nduguye hajulikani aliko, hapo tumieni akili, na msimkatie mtu njia kama nilivyofanya mie. Msije mkasema sikuwaambia. Na atakaekuja kukiondoa kikapu, awe mudir, awe mkubwa wa mudir, mwambieni akae mwenyewe kitini apimwe na simu, kisha apimwe bila ya simu, halafu azungumze.

Bi Salama alikuja Jumatano moja, siku ya soko, wakati chumba kimejaa wanawake wa vijijini na mafurushi yao. Hakuchukua namba. Aliingia moja kwa moja akakaa kwenye kiti cha kupimiwa, amekonda, macho mekundu, simu kaikamata kwa mikono miwili. Wanawake wote wakageuka kututazama, maana Ibra nzima ilikuwa inajua kisa chetu. Nikamwambia shikamoo.

"Huniambii niiweke kikapuni?" akaniuliza.

"Leo sikuambii."

"Basi sikiliza."

Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya Bwana Nassor, aliyomuachia siku ile alipokosa kupokewa. Sauti nyembamba, na baina ya neno na neno anavuta pumzi.

"Salama... nimekupigia, sikupati. Utakuwa umelala. Haya, lala, dada. Lala upumzike. Mie ndio hivyo... nilitaka sauti yako tu."

Ikakatika. Bibi mmoja nyuma alisema Inna lillahi, na mie machozi yakanitoka nimesimama na mkanda wa kipimo mkononi.

"Alidhani nimelala," akasema Bi Salama. "Kila siku naisikiliza. Ananiambia nipumzike, na yeye anakufa."

Nikapiga magoti pale chini, kwenye sakafu ya kituo, mbele ya watu. "Bi Salama, kosa langu. Nilikuamrisha na sikukuuliza. Niwie radhi."

"Mwanangu anataka uombe radhi ya kikapu."

"Hiyo siombi."

Nilidhani atanipiga, na angekuwa na haki yake. Kisha akageuka, akampa simu yule bibi wa nyuma alieomba dua, mtu asiemjua hata jina.

"Ishike hii, bibi. Ikilia pokea, usiache. Mwambie anaepiga, Salama yupo, anapimwa, anakuja sasa hivi."

Akaweka mkono juu ya meza.

"Sijakusamehe," akanambia. "Funga mkanda."

Nikaufunga. Nikakaa mbele yake, tukanyamaza. Mwanzo mabega yalikuwa juu, kisha yakaanza kutetemeka, akalia. Hakulia azaani, nduguze walinambia baadae, alikuwa anapokea simu za pole. Alilia pale, kwa sauti, na mtu anaelia hapimwi, basi nikangoja. Dakika tano zikapita, zikapita kumi, zikapita ishirini. Simu ililia mara mbili nyuma yetu, nikamsikia yule bibi akijibu kwa upole kama alivyoagizwa. Foleni ilikuwa imefika uwanjani.

Mudir akafungua mlango. Akaitazama foleni, akamtazama Bi Salama, akanitazama mie, akagonga saa yake kwa kidole.

"Funga mlango, bwana," nikamwambia. "Mgonjwa wangu hajawa tayari."

Akaufunga.